Barua kwa mwanangu: sentensi hii inamfanyia nani kazi?

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, na karatasi za mazoezi ulizoambatanisha nimezipitia zote jana baada ya Alasiri. Unasema kwenye mtihani wa GMAT unaojiandalia, ule wa kuombea nafasi shule za biashara, kuna maswali ya hoja ambamo sentensi mbili zimekolezwa wino, nawe unaulizwa kila moja ina kazi gani. Habari yenyewe unaielewa, ila ukifika kwenye majibu matano unayaona yamefanana, na mara nyingi unachagua lenye maneno ya kweli kumbe silo. Ukamalizia kwa utani kwamba mama aliyesikiliza kesi za watu miaka yote ile hakosi dawa.

Dawa sina. Nina mazoea ya mahakama ya mwanzo tu. Pale mtu husimama akazungumza nusu saa: shamba, mbuzi, marehemu baba yake, jirani asiyejibu salamu. Yote yaweza kuwa kweli. Mimi na washauri wangu wawili tulitakiwa tujue lipi ni dai, lipi ni ushahidi wa dai hilo, na lipi limekuja kutembea tu. Nikitazama alama ulizoweka pembeni ya karatasi zako, naona unabishana na mwandishi: "si kweli", "inategemea", "wapi hiyo?" Acha. Hukuulizwa kama sentensi ni ya kweli. Umeulizwa imeletwa pale kumsaidia nani.

Nimekutungia hoja ya kwetu, uione vizuri:

"Wapo wanaoshikilia kwamba mkonge wa Tanga uliangushwa na kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967. Lakini bei ya mkonge katika soko la dunia ilikwisha kuanza kuporomoka kabla ya mwaka huo, na nyuzi za plastiki zilikuwa zinachukua wanunuzi. Kwa hiyo mashamba mengi yangepata hasara hata kama yangebaki mikononi mwa wenyewe. Kulaumu kutaifishwa peke yake ni kukosea."

Tuseme zimekolezwa sentensi ya kwanza na ya tatu. Najua utakachofanya: utaona "kwa hiyo" kwenye ya tatu, utaandika "hitimisho", utageuza ukurasa. Hapo ndipo wanapokungojea. Anza kwa kuuliza mwandishi anataka uondoke ukiamini nini. Anataka uamini kwamba kulaumu kutaifishwa peke yake ni kukosea. Hilo ndilo hitimisho lake, nalo halina "kwa hiyo" wala "basi". Mara nyingine utalikuta mwanzoni kabisa, au limebanwa katikati, na maneno ya kuonyesha njia yote yamewekwa kwingine.

Ukiwa na shaka kati ya sentensi mbili, tia "kwa sababu" katikati yake, kisha zigeuze. "Kulaumu kutaifishwa peke yake ni kukosea, kwa sababu mashamba mengi yangepata hasara vyovyote." Inakaa. Sasa igeuze: "Mashamba mengi yangepata hasara vyovyote, kwa sababu kulaumu kutaifishwa ni kukosea." Hii haina kichwa wala miguu. Basi ya tatu inaibeba ya nne. Lakini ya tatu nayo imebebwa na ya pili, maana bei na plastiki ndizo zinazotufanya tuamini habari ya hasara. Sentensi ya namna hiyo, inayoegemezwa na kuegemewa, ni hitimisho la kati. Ndiyo inayokuangusha wewe. Nimehesabu kwenye karatasi zako, karibu kila ulipokosa ni hapo.

Ya kwanza ni rahisi: ni msimamo wa watu wengine, mwandishi ameuleta ili aupinge. Kwa hiyo jibu unalolitafuta litasema kitu kama hiki: "ya kwanza ni maoni ambayo hoja inayapinga, ya pili ni kauli inayotokana na ushahidi, na yenyewe inatumika kuunga mkono hitimisho." Wao kwa "ya pili" wanamaanisha iliyokolezwa ya pili, usichanganyikiwe.

(Kama nakubaliana na hoja hiyo ya mkonge? Babu yako angefufuka akanigombeza. Lakini umeona: hata usipokubaliana nayo neno moja, kazi za sentensi hazibadiliki.)

Sasa kuna jambo ambalo vitabu vyako vinalipita haraka, nami naliona ndilo zito. Si kila kinachompinga mwandishi ni cha mpinzani wake. Mahakamani shahidi aliyeletwa na mdai mwenyewe aliweza kusema, "Ni kweli, ule mpaka ulikuwa haujapandwa miti," na neno hilo likamfaa mdaiwa. Ametamka jambo linaloelemea upande wa pili, lakini hajahama upande. Kwenye maswali yako utakuta hivyo hivyo: "Ni kweli kwamba…", halafu "hata hivyo". Mwandishi amekubali kitu kinachomwumiza kidogo, akaendelea na safari yake. Jibu sahihi hapo litasema ni jambo linaloelemea kinyume cha hitimisho ila mwandishi analikubali. Jibu la mtego litasema ni msimamo anaoukataa. Hajakataa kitu. Kwa hiyo kila sentensi iulize maswali mawili mbalimbali: inavuta upande gani, na mwandishi mwenyewe anaikubali au haikubali? Ukichanganya hayo mawili, majibu matano yote yatafanana kweli.

Kuhusu majibu yenyewe, usiyasome kabla hujasema kimoyomoyo, kwa Kiswahili chako, kila sentensi inafanya nini. "Hii ya wale. Hii nguzo ya kati." Maneno machache tu. Halafu kila jibu lina nusu mbili, basi chukua ile nusu unayoiamini zaidi upite nayo kwenye yote matano. Mawili au matatu yatakufa hapo hapo. Jibu ambalo nusu yake ni tamu na nusu ni chungu limekufa, usilionee huruma.

Muda ndio mbaya. Umeniandikia sehemu ya lugha, yenye maswali haya, ni maswali 23 kwa dakika 45, yaani hata dakika mbili hazifiki kwa kila moja, na humo mna ufahamu wa habari ndefu. Unaruhusiwa kurudi kubadili majibu 3 katika sehemu hiyo. Ningekuwa wewe, nisingeyatumia kwenye maswali ya aina hii. Ukirudi umechoka, "kwa hiyo" itakuvuta tena. Ah, na yule rafiki yako anayejiandaa na LSAT ili asome sheria Marekani, mwambie swali hili analo pia, ila kwake mara nyingi huulizwa kazi ya kauli moja.

Nakuachia zoezi. Hoja ina tundu, nalijua, usianze kuliziba. Hiyo ni kazi ya swali la aina nyingine.

"Ni kweli kwamba kiwanda cha juisi kingenunua machungwa ya Muheza yanayoozea shambani msimu wa mavuno. Lakini machungwa hayo hayapatikani kwa wingi mwaka mzima. Kiwanda kingekaa miezi mingi bila kazi, na kisingelipa gharama zake. Fedha hizo heri zitengeneze barabara za kufikia mashamba."

Zimekolezwa ya kwanza na ya tatu. Niambie kazi ya kila moja. Kisha futa "Ni kweli kwamba", weka "Wafanyabiashara wanadai kwamba", ubadilishe na "Lakini" iwe "Madai hayo yanasahau kwamba", uniambie ni ipi kati ya hizo mbili imebadilika kazi na ipi imebaki ilivyokuwa. Nijibu kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi naenda Pangani kwa shangazi yako na huko simu yangu haishiki vizuri.

Mama yako,
Ngamiani, Tanga