Ngiri ya kinena kwa mbeba mizigo: gharama, hatari na kusubiri

Mkuu, umeuliza ngiri ya kinena inapasuliwa kwa shilingi ngapi, hatari yake ni nini, na kama unaweza kuisogeza mpaka mwakani kwa kuwa kazi yako ni ya kubeba. Mimi nimepakia machungwa kwenye mafuso pale Muheza miaka mingi, na nimepasuliwa upande wa kulia, basi nikupe ninayoyajua.

Kwanza hakikisha ni ngiri kweli. Huku kwetu Tanga kila kinachovimba huko chini huitwa mshipa, na matende yamewaachia wazee wengi busha. Busha ni maji kwenye mfuko wa korodani. Ngiri ni utumbo au mafuta ya tumboni yanayochungulia penye udhaifu wa ukuta wa tumbo, kama tyubu ya baiskeli penye ufa wa tairi. Kwa kawaida ukikohoa hutokeza, ukilala chali hurudi. Busha halijali umelala au umesimama. Tofauti hiyo ina pesa ndani yake, maana busha kuna nyakati hupasuliwa bure kwenye kambi za serikali za kupambana na matende. Daktari mara nyingi atajua kwa kukupapasa na kukukoholesha tu.

Kuhusu kusubiri, usitishwe. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2006 ulichukua wanaume 720 ambao ngiri zao hazikuwasumbua sana. Kwa wale waliosubiri, ngiri kunasa ghafla ilitokea kwa chini ya watu 2 katika kila 1,000 kwa mwaka. Lakini walipofuatiliwa miaka 10, takriban theluthi mbili walikuwa wamepasuliwa, wengi kwa sababu ya maumivu. Sasa wewe jipime: hao hawakuwa wanabeba lumbesa. Na ikinasa usiku ukiwa Pangani ndani ndani au milimani Amani, gari la kukufikisha hospitali ya Bombo, Tanga mjini, utalipata saa ngapi? Ukiona uvimbe umekuwa mgumu, unauma, haurudi, au unatapika, hapo hakuna kungoja asubuhi. Damu haifiki kwenye utumbo, na ndani ya saa chache utumbo unaweza kufa. Ndipo upasuaji mdogo unageuka mkubwa, na bili nayo. (Kama mwenye uvimbe ni mama au dada, asisubiri kabisa, maana aina inayotokea juu ya paja huwapata zaidi wanawake na hunasa upesi.)

Mizizi ya kuchemsha na mkanda wa kubana ngiri sina haja ya kuvijadili. Tundu haliwezi kuzibwa kwa kunywa.

Gharama sasa. Bei moja hakuna. Ya wilaya si ya rufaa, ya misheni si ya binafsi. Usiulize tu "upasuaji bei gani", utatajiwa kipande. Omba mchanganuo: kumwona daktari, vipimo vya damu, ganzi, chumba cha upasuaji, kitanda, dawa, kusafisha kidonda. Halafu uliza neti. Siku hizi tundu huzibwa kwa kushonea kipande cha neti ili ngiri isirudi, na kuna mahali neti hiyo huhesabiwa kando. Kama una kadi ya bima, ulizia neti hiyohiyo kwa jina lake, usiridhike kuambiwa "bima inalipa". Wenzetu Uganda walijaribu neti ya chandarua iliyotakaswa, ya kama dola 1, wakaipambanisha na ya kiwandani ya dola 125 hivi kwa wanaume 302. Matokeo ya 2016 yalionyesha baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti ya maana. Lakini usiende na chandarua chako kwa daktari, tafadhali.

Hata hivyo kilichonikamua mimi si bili, ni wiki za kukaa bila kupakia. Niliambiwa nitembee siku ileile, ila mzigo mzito nisiuguse kwa wiki 6. Mpakiaji halipwi akiwa amelala. Ndiyo maana nilipanga nipasuliwe machungwa yalipokuwa yamepungua, nikamwomba tajiri anipe kazi ya kuhesabu magunia badala ya kuyabeba. Alikubali kwa ujira mdogo, lakini unga ulipatikana. Hiyo ndiyo hesabu ya kuianza mapema, kabla hata ya kwenda kuuliza bei.

Hatari zipo, na daktari mzuri atakutajia bila kuulizwa: kidonda kuingia usaha, damu kuvilia mpaka korodani ikawa nyeusi (mimi ilinipata, ikaisha yenyewe), mkojo kukwama baada ya sindano ya ganzi ya mgongoni, ngiri kurudi. Mara chache korodani hukosa damu ikasinyaa. Inayosahaulika ni maumivu ya kudumu kinenani, ambayo huwapata kama mtu 1 katika 10, hata miezi baada ya kidonda kupona. Kwangu ni ganzi kidogo ya ngozi tu. Mambo ya ndoa, ambayo najua ulikuwa unazunguka bila kuyauliza, kwa kawaida yako salama.

Ukishapimwa rudi utuambie ni upande mmoja au miwili. Ikiwa miwili, muulize daktari kama atafanya zote siku moja, ili wiki za kukaa nyumbani ziwe za mara moja.