«Caravane» kwenye hati za forodha: msafara, tela au ndege?

SWALI

Jambo Papa. Ninaandaa hati za forodha katika ofisi moja ya usafirishaji hapa Lubumbashi, na mizigo yetu mingi inaingilia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nimepokea karatasi nne zenye neno lilelile. Ankara ya Uingereza imeandikwa «caravan», ekseli mbili, vitanda vinne. Ankara ya Ufaransa inasema «caravane de chantier», ni ya mgodi. Orodha ya vipuri inasema «Caravan 208B». Na shirika moja linaleta vipaza sauti na fulana kwa ajili ya «caravane motorisée». Mteja anataka maelezo ya Kiswahili pamoja na ya Kifaransa. Kamusi yangu inanipa «msafara» tu. Nikiandika msafara kote, kuna shida? Na namba za HS, zile za kupanga bidhaa za forodha, zitakuwa sawa?

JIBU

Dada, shida ipo, tena ni ya pesa. Kati ya karatasi zako nne, ni ile ya mwisho tu yenye msafara ndani yake, na hata hiyo haitozwi ushuru kwa sababu ya msafara. Nyingine zote ni vyombo, na kila chombo kina ukurasa wake katika tarifu, yaani kitabu cha viwango vya ushuru.

Anza na ya Uingereza. Hilo ni tela la kuishi: chumba juu ya chasi, kina vitanda na jiko dogo, hakina injini, kinafungwa nyuma ya gari. Shirika la Forodha Duniani limelipa namba yake lenyewe, 8716.10, yaani tela na semi-tela za aina ya karavani, za makazi au za kupigia kambi. Tarakimu hizo sita ni zilezile Kasumbalesa, Dar es Salaam au Antwerp. Zinazofuata ni za kila nchi, uzitafute katika tarifu ya DGDA, idara yetu ya forodha. Kwa Kiswahili andika «karavani, yaani tela la kuishi» mara ya kwanza, kisha «karavani» peke yake. Wapo wanaopenda «nyumba ya magurudumu». Mimi siipendi kwenye hati: ofisa akishaona neno «nyumba», anaweza kukupeleka kwenye sura ya majengo, na kutoka huko ni kazi.

Ila usiiamini ankara ya Kiingereza upesi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1960 inayohusu viwanja vya karavani imelitanua neno hili mno. Inauliza mambo mawili tu: je, chombo kimetengenezwa ili mtu akae ndani? Je, kinaweza kuhamishwa, iwe kwa kukokotwa au kwa kubebwa juu ya lori? Hata gari lenye injini yake, lililotengenezwa kwa ajili ya kulala, linaingia humo. Mwaka 1968 wakaongeza nyumba za vipande viwili vinavyounganishwa zikishafika mahali pake, na vipimo vya sasa vya England vinaruhusu hadi mita 20 kwa mita 6.8. Jaribu kulivuta jumba la namna hiyo kwa pikapu mpaka Likasi! Sheria ya Ufaransa ni bahili zaidi: caravane ni chombo cha kukaliwa ambacho wakati wote kimebaki na uwezo wa kutembea, chenyewe au kwa kuvutwa, na ambacho sheria ya barabara haikikatazi kupita.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, mwombe muuzaji picha ya mbele na ya chini, pamoja na namba ya chasi. Unatafuta ndoana ya kuvutia, ekseli na injini. Ukikuta injini na usukani, hilo si tela tena; ni gari la kambi na linakwenda 8703. Na likiwa tela lililotumika lililonunuliwa Ufaransa, lenye uzito wa jumla unaozidi kilo 500, linapaswa kuwa na kadi yake ya usajili, mbali na ya gari lililokuwa likilivuta. Idai hiyo kadi.

Karatasi ya mgodi ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu «caravane de chantier» ni jina la kazi, si jina la umbo. Linaweza kuwa bweni, ofisi, kantini, hata vyoo. Kama lina magurudumu na ndoana, na ndani ni vitanda, tunabaki 8716.10. Kama lina magurudumu lakini ndani ni meza za wahandisi, halikukusudiwa makazi wala kambi. Mimi ningelipeleka kwenye matela mengineyo, 8716.40. Na kama halina magurudumu kabisa, linashushwa kwa kreni na kukaa juu ya matofali, basi hilo ni jengo lililoundwa kiwandani, 9406, hata kama muuzaji ameliita caravane mara kumi. Kwa Kiswahili taja kazi yake: «tela la ofisi ya mgodi», «tela la kulala wafanyakazi», «jengo la kuhamishika». Peleka maelezo na picha kwa ofisi ya forodha mzigo ukiwa bado njiani; kubishana juu ya namba wakati lori limeshasimama mpakani kuna gharama ya kila siku.

Ya tatu ni ndege. Cessna 208 Caravan iliruka mara ya kwanza Desemba 1982, na 208B, inayoitwa Grand Caravan, ni ndugu yake aliyerefushwa kama mita 1.2. Bawa liko juu, magurudumu hayakunjwi, injini ni moja tu ya tabopropu aina ya PT6A kutoka Pratt & Whitney Canada. Inatua kwenye viwanja vifupi vya udongo, ndiyo maana inapendwa katika nchi kama yetu yenye miji mingi isiyofikika kwa barabara. Hapa Caravan ni jina la kibiashara, na jina halitafsiriwi: «vipuri vya ndege Cessna 208B Grand Caravan». Toleo la HS la 2022 limehamisha vipuri vya ndege kutoka 8803 kwenda 8807, kwa hiyo angalia ni toleo gani lililo mezani kwako. Wala usivipachike vyote humo. Tairi za ndege ziko 4011.30, na injini nzima ya tabopropu iko 8411.

Siku moja utaletewa pia Nissan Caravan, basi dogo la Kijapani lililoanza kutengenezwa 1973. Hilo hesabu viti: watu 10 au zaidi pamoja na dereva ni 8702, wachache zaidi ni 8703, la mizigo ni 8704.

Sasa «caravane motorisée». Hiyo mkazi wa komini za Kenya au Katuba hapa Lubumbashi hahitaji kuelezwa: pikapu yenye vipaza sauti mbele, pikipiki zikifuata kwa honi, iwe ni uchaguzi au kampeni ya chanjo. Andika «msafara wa magari na pikipiki». Mzigo wenyewe unabaki vipaza sauti, 8518, na fulana, 6109.

Hujauliza vitu hivi vimepataje jina moja, lakini nitakwambia. Neno lilianzia Uajemi, kwa wasafiri waliokwenda pamoja na ngamia wao ili wasiporwe njiani. Waingereza kuanzia karne ya 17 wakaliita hivyo pia gari kubwa la farasi lililofunikwa. Baadaye likawa gari la watu wa maonyesho na la Waroma (Wajipsi) walioishi barabarani. Mwaka 1885 daktari William Gordon Stables akaagiza la kwake litengenezwe huko Bristol kwa ajili ya kutembea tu, na kutoka hapo tela la likizo likazaliwa. Lile «van» la Kiingereza nalo ni mkia uliokatwa wa neno hilohilo.

Huku kwetu neno halikupita njia hiyo. Misafara ya Msiri, mfalme wa Katanga wa karne ya 19, ilitoka mji wake wa Bunkeya na shaba na pembe za ndovu, mingine ikielekea pwani ya mashariki, mingine Angola, na mizigo ilikwenda juu ya mabega ya watu. Kati ya Matadi na Léopoldville (Kinshasa ya leo) ilikuwa vivyo hivyo mpaka reli ilipokamilika 1898. Ukitafsiri habari za wakati ule, caravane ni msafara bila shaka yoyote, na maneno yake yote Kiswahili kinayo: wapagazi, kirangozi anayetangulia, na hongo, ushuru ambao mwenye nchi aliutoza msafara ili upite. Maana yake ya leo wewe wa forodha unaijua.

Na ukikuta «Caravelle» kwenye ankara, usiiunganishe na hizi. Hiyo inatoka kwenye jina la merikebu ya Wareno, ya aina aliyotumia baharia Diogo Cão kufika mdomo wa mto Kongo mwaka 1482. Siku hizi mara nyingi itakuwa ni basi dogo la Volkswagen: rudi kwenye kuhesabu viti.