Bustani ya mji mdogo hupangwa uwanjani, si ukumbini

Karibu kila mji mdogo una kipande cha ardhi ambacho watu hukiita "uwanja" tu. Kwenye mchoro wa mipango miji kimeandikwa eneo la wazi. Ukifika unakuta vumbi, magoli mawili ya miti, mwarobaini mmoja wenye kivuli kizuri, mama lishe wawili na mbuzi wa jirani. Siku halmashauri ikipata fedha kidogo za kukitengeneza, huitishwa kikao kimoja cha saa mbili, mahudhurio yanasainiwa, na mchoro uliokwisha kuchorwa unabandikwa ukutani. Mwaka haujaisha, uzio umetobolewa sehemu tatu, mnyororo wa bembea umekatika, na choo kina kufuli ambalo hakuna anayejua ufunguo wake uko kwa nani. Wakazi ndio hulaumiwa. Lakini uzio umetobolewa palepale ilipokuwa njia yao ya kwenda sokoni, na hakuna aliyewauliza.

Makala haya ni kwa wenyeviti wa mitaa na vitongoji, watendaji, madiwani na vikundi vya wakazi wanaotaka kufanya kazi hii vizuri kwa fedha ndogo. Mifano ni ya Tanzania, iwe mji wenye halmashauri yake kama Makambako na Korogwe au mamlaka ya mji mdogo kama Mombo.

Anzeni ofisi ya ardhi. Kabla hamjamwita mkazi hata mmoja, ombeni kuuona mchoro wa mipango miji na muulize mambo matatu: eneo limeandikwa kwa matumizi gani, limepimwa au bado, na bikoni, yaani alama za mipaka zilizowekwa na wapima, ziko wapi. Kisha nendeni na mpima mkazitafute kwa miguu. Bikoni moja ikikosekana, mara nyingi kuna ukuta au shimo la choo la jirani lililoingia ndani. Jambo hilo limalizwe kwanza, mbele ya mwenyekiti na majirani wenyewe, kwa maandishi. Ukilifukia, litafufuka siku fundi anapochimba msingi, na fedha zitasimama.

Muhtasari wa mkutano wa wakazi unaotamka kwamba eneo hili ni la wazi na litumikeje ni karatasi yenye nguvu kuliko watu wanavyodhani. Eneo lisilo na mpango wala watu wanaolisemea ndilo linaloombewa kubadilishwa matumizi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazitaka mamlaka za upangaji ziwashirikishe wadau, na mwenye muhtasari uliosainiwa na kugongwa mhuri ana pa kusimamia. Jirani zetu Kenya wanakumbuka mwaka 1989, ulipotangazwa mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua, akatukanwa hadharani, na mpango ukaachwa. Bustani ile ilikuwa na watu wa kuisemea. Yenu itakuwa nao ikiwa watu hao waliipanga.

Halafu kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, lakini vipaumbele kutoka mitaa na vitongoji huanza kukusanywa miezi mingi kabla, mwishoni mwa mwaka. Wazo linalofika kwenye kamati ya maendeleo ya kata mwezi wa tatu hukuta bajeti imeshafungwa. Kazi ya uwanjani ianze Agosti, mkutano mkuu ufanyike Oktoba.

Hatua ya kwanza uwanjani ni kuhesabu. Chukua daftari, chora safu za watoto chini ya miaka 6, watoto wa miaka 6 hadi 12, wasichana, wavulana, wanawake, wanaume na wazee. Nenda siku tatu: siku moja ya kazi, Jumamosi moja, na siku ya gulio. Kila siku nenda mara nne, saa 1 asubuhi, saa 6 mchana, saa 11 jioni na saa 2 usiku, ukae dakika 15. Andika nani yupo, anafanya nini, amekaa wapi, na nani amepita bila kusimama. Raundi hizo 12 zitakuonyesha mambo ambayo hakuna mkutano utakaokuambia. Wavulana wamejaa katikati, wasichana wanapita pembeni kwa haraka. Wazee wako chini ya mwarobaini mpaka jua linapogeuka. Watoto wa shule wanakata kona kutoka kisimani. Kila njia iliyolimwa na nyayo ichore kwenye daftari na uiache kwenye mpango, upana wa mita 1.5, ili mtu mwenye kiti cha magurudumu apishane na mwenye baiskeli. Njia ukiizuia kwa uzio, uzio utatobolewa.

Andika pia wanaofanya biashara pale: mama lishe, muuza miwa, fundi baiskeli, bodaboda. Kuwafukuza ili "bustani ipendeze" ni kosa ninaloliona baya kuliko yote, kwa sababu hao ndio macho ya mahali. Wao hufika alfajiri, huondoka usiku, na humjua mtoto wa nani ni nani. Nenda Forodhani, Unguja, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati mkubwa: jioni watu wanafuata urojo na mishikaki kama wanavyofuata upepo wa bahari. Mpeni mama lishe sehemu yake kwenye ramani, sakafu ya zege, bomba karibu na mahali pa kumwaga maji machafu.

Sasa ndipo mzungumze na watu, na msiwaweke wote pamoja mwanzoni. Kwenye mkutano wa hadhara wenye meza kuu na kitambaa, watasema wanaume watano. Fanyeni vikundi vya watu 8 hadi 12: wanawake, wasichana, wavulana, wazee, watu wenye ulemavu, wafanyabiashara wa pale. Kikundi cha wasichana kiongozwe na dada anayeaminika, asiwe mwalimu wao wala mke wa mwenyekiti. Msiite wanawake saa 11 jioni wakati moto uko jikoni, wala siku ya mnada, wala Ijumaa mchana, wala wiki ya kupanda mahindi mvua ikishanyesha.

Swali "mnataka nini?" lina madhara yake. Litawaletea bwawa la kuogelea na jukwaa la watu 5,000. Ombeni watu wawatembeze, na ninyi muwaulize: ni wapi hapa usipoweza kukaa, na kwa nini? Mtembee na mtu mwenye kiti cha magurudumu kuanzia barabarani, na mtagundua kwamba kikwazo cha kwanza ni mtaro usio na mfuniko kati ya lami na lango, kabla hata ya kufika kwenye bustani. Mteremko wa kumwingiza mtu huyo uwe na urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Mkali kuliko huo, wengi hawawezi kuupanda bila kusukumwa.

Suala la posho litaibuka. Mkilipa mara ya kwanza, mkutano wa pili bila posho utakuwa na watu sita. Wekeni maji ya kunywa, malizeni kwa wakati mliosema, na rudisheni majibu. Watu hurudi wanapoona walichosema kimeandikwa.

Kinachofuata ndicho ninachokipenda zaidi, na hugharimu karatasi za manila na gundi tu. Unganisheni karatasi, mchore eneo kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 1. Uwanja wa mita 80 kwa 60 unakuwa karatasi ya sentimita 80 kwa 60. Chora mti, njia, mtaro na bikoni. Kisha kata vipande vya rangi kwa kipimo hicho hicho. Kiwanja kamili cha mpira wa miguu, mita 105 kwa 68, ni kipande cha sentimita 105 kwa 68. Mpe nahodha wa timu akiweke mwenyewe. Kinaning'inia nje ya karatasi pande zote, na ubishi ambao ungekula saa nzima unaisha bila mtu kuaibishwa. Sasa mpe kiwanja cha wachezaji watano, 40 kwa 20, na netiboli, 30.5 kwa 15.25. Mkiacha mita 3 kila upande, viwili hivyo vinachukua kama mita za mraba 1,970 kati ya 4,800. Zilizobaki zinatosha kivuli, watoto, choo na wauzaji. Nguzo za netiboli zikiwa za kuchomoa, mpira wa wavu, wenye kiwanja cha 18 kwa 9, unaingia palepale. Pindeni viwanja vielekee kaskazini na kusini, la sivyo jua la jioni litakuwa machoni mwa kipa mmoja kila siku.

Vipande vihamishwe mpaka kila kikundi kiridhike, kisha pigeni picha na kuandika majina ya vikundi nyuma ya karatasi.

Vyote havitajengwa mwaka mmoja, kwa hiyo kuna kupiga kura. Pangeni vikopo, kila kimoja na picha: choo, taa, netiboli, bembea, mabenchi, bomba. Chini ya picha andikeni bei mliyoulizia kwa mafundi na maduka ya hapo mjini, na bei ya pili ya kukitunza kwa mwezi. Hii ya pili husahaulika, na ndiyo inayoua. Kila mtu apewe punje tano: wanawake maharage, wanaume mahindi, watoto kunde. Vikopo vikae nyuma ya kanga iliyotandazwa kwenye kamba, maana mzee maarufu akitumbukiza zake hadharani, zitafuata za ukoo mzima. Hesabuni mbele ya watu, kila aina ya punje peke yake. Mkijumlisha tu, wengi watawameza wachache. Kanuni itangazwe kabla ya kupiga kura: kwa mfano, chaguo la kwanza la kila kundi linaingia awamu ya kwanza.

Kwenye ujenzi, kama kazi inafanywa kwa fosi akaunti, yaani halmashauri inanunua vifaa na kulipa mafundi yenyewe bila mkandarasi, wakazi waingie kamati za manunuzi na mapokezi, na mmoja wao ahesabu mifuko ya saruji ikiingia na ikitoka. Vipimo vya michezo ya watoto visimamiwe bila aibu. Kifaa cha kupanda kisizidi mita 1.5, chini yake mchanga wa mto wa kina cha sentimita 30, na nafasi tupu ya mita 1.8 pande zote. Bembea inayoning'inia kwenye bomba la mita 2.4 inahitaji mita 4.8 mbele na 4.8 nyuma. Hapo ndipo watoto hupigwa na bembea, kwa sababu fundi huipanga karibu na njia ili ionekane. Bati la kutelezea likielekea jua la mchana huunguza mapaja, kwa hiyo liwekeni kivulini. Magoli ya chuma lazima yazikwe kwa zege: goli lililosimamishwa tu juu ya ardhi huangukia watoto wanaoning'inia, na limeua watoto katika nchi nyingi.

Miti ipandwe mvua za masika zikianza, shimo la sentimita 60 kila upande, debe moja la samadi likichanganywa na udongo wa juu, na boma la miiba dhidi ya mbuzi. Usipande mwembe karibu na bembea, maana mawe ya kuangushia embe hutua kwenye vichwa. Kila mche uwe na jina la mwenye kuumwagilia, ndoo moja mara mbili kwa wiki katika kiangazi cha kwanza. Mche wa "wote" hufa Agosti.

Matunzo yakubaliwe kabla ya kumwaga zege la kwanza: bili ya maji iko kwa jina la nani, ufunguo wa choo uko kwa nani saa 12 asubuhi na uko kwa nani saa 2 usiku, ushuru wa vibanda unaingia kwenye daftari gani na nani analisoma mkutanoni. Kikundi cha vijana kilichosajiliwa kinaweza kuendesha choo na kibanda cha vinywaji, na kuomba mtaji kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Bili isipolipwa bomba hukatwa, choo hufungwa, na wasichana ndio wa kwanza kutoweka uwanjani.

Bandikeni kwenye ubao wa matangazo karatasi ya safu tatu: mlisema nini, tumefanya nini, tumeshindwa nini na kwa sababu gani. Safu ya tatu ndiyo watu husoma kwa makini. Ikiachwa wazi, hawataamini zile mbili.

Na mabenchi ya kwanza msiyazike. Tumieni magogo mazito ambayo watu wawili wanaweza kuyavuta, mkayaache miezi mitatu. Wazee watayasogeza kufuata kivuli, akina mama watayageuza yatazame bembea, wasichana watayapeleka mahali panapoonekana kutoka barabarani. Rudi na daftari lile lile, saa zile zile. Mahali yalipotulia ndipo pa kumwaga zege.