Swali la lugha: pipa la kwenye habari ndo hili la uani kwangu?

Msomaji wa Kibaigwa, muuzaji wa mafuta ya alizeti, ameuliza: "Shikamoo mwalimu, kwenye taarifa ya habari wanasema mafuta ghafi dola kadhaa kwa pipa, mi pipa langu linaingia lita 200, je ndo hilo hilo? Na kuna jamaa ananiambia Kiswahili chake ni bareli."

Marahaba. Sio hilo, na swali lako zuri sana maana wengi wanapotelea hapa hapa. Pipa lako ni chombo, la kwenye habari ni kipimo tu, mafuta yenyewe yanasafiri kwa bomba na meli hayawekwi kwenye pipa lolote. Zamani kweli yalibebwa kwenye mapipa ya mbao, huko Pennsylvania, Marekani, miaka ya 1860, ndo wachimbaji wakakubaliana pipa liwe galoni 42, na galoni hizo ni za Marekani, ukichukua za Uingereza utapata lita 191 hivi na hesabu yote itaharibika. Jibu sahihi ni lita 158.987. Kwa kuongea sema "lita 159 kasoro", hiyo kasoro haijazi hata kijiko cha mezani. Kwa madumu ya lita 20 ni manane kasoro, wakati la kwako ni kumi kamili.

Bareli siipendi. Pipa tulilipata kwa Wareno karne nyingi nyuma, limeshazoea ngeli yetu, pipa hili mapipa haya, sasa neno jingine la nini? Ukiona watu watachanganya sema "pipa la mafuta ghafi", basi. Na "dola 80 kwa pipa" inatosha, hiyo "kwa kila pipa moja" ni kurudia.

Ila kinachoniuma zaidi ni mita. Watu wanaandika "mita za mraba" za mafuta jamani! Mraba ni eneo, ni kiwanja hicho, kitu kinachojaa ni mita za ujazo. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, ndo ile yuniti moja kwenye bili ya maji hapa Dodoma, na inaingia mapipa ya mafuta ghafi sita na ushei (6.29), ila ya kwako wewe matano kamili. Chukua bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda, mpaka Tanga linalokatiza mkoani kwetu huko Kondoa, uwezo wake ni mapipa 216,000 kwa siku, yaani mita za ujazo 34,300 na ushei, lakini mtafsiri akidhani ni pipa la lita 200 ataandika 43,200, kaongeza karibu mita za ujazo 8,900 ambazo hazipo.

Kwenye risiti zako wewe andika "pipa la lita 200", usiache pipa peke yake.