Simu Ikilia Kutoka Tororo: Kwa Sisi Tuliotangulia Kisumu

Hakuna watu wanaowanung'unikia Waganda wapya hapa Kondele, Kisumu, kama sisi Waganda wa zamani. Mwenyeji wa Kisumu atatutania kidogo kwa matoke, atacheka namna tunavyotamka maneno, kisha atanunua chapati yake aende zake. Anayekunja uso ni yule aliyevuka mpaka wa Malaba miaka kumi kabla ya huyo mgeni. Maneno hayo nimeyasikia saluni, nimeyasikia kanisani, nayasikia kila mara kwenye chama chetu cha wanawake: "Sasa wamezidi." Mwulize anayesema hivyo yeye alikujaje. Alikuja vivyo hivyo, na begi moja na nambari ya shangazi iliyoandikwa kwenye karatasi.

Nami nimo humo. Nilizaliwa Tororo, Uganda, nikalelewa kwenye kambi ya jeshi ya Rubongi, ndiyo maana Kiswahili nilikuja nacho, tofauti na wenzangu wengi waliojifunzia huku. Nilianza kwa kazi ya nyumba Milimani, nikaolewa, na siku hizi nina kibanda cha chai na chapati karibu na steji ya Kondele. Ninawaandikia walio kama mimi, waliokwisha kutulia, ambao kila Januari simu inalia: "Shangazi, nami nataka kuja."

Kwanza, usijione mtu mbaya kwa kuona uchungu. Uchungu huo una hesabu ndani yake. Binti anayeshuka kwenye matatu ya Busia leo hachukui kazi ya mwalimu wala ya nesi wala ya mwenye duka la jumla. Anachukua kazi iliyo jirani na yangu, au yangu yenyewe. Nilipokuwa Milimani nilimwomba mama niliyemfanyia kazi aniongeze shilingi 2,000. Alikuwa anamenya ndizi, hata hakuinua kichwa. "Dada, juzi nimeletewa msichana wa Bugiri kwa elfu nne, na hata Jumapili hatoki." Hakunifukuza. Hakuwa na haja. Niliendelea kuosha sufuria na suala la nyongeza likaisha hapo.

Msichana huyo wa Bugiri sikuwahi kumwona, lakini kwa miezi mingi nilimchukia kuliko nilivyomchukia mama aliyetaka kutulipa sote kidogo. Nadhani wengi wetu tuko hapo. Wachumi wawili Waitaliano, Gianmarco Ottaviano na Giovanni Peri, waliichambua mishahara ya Marekani na kuona kwamba wahamiaji wapya huwabana hasa wahamiaji waliowatangulia, kuliko wazaliwa wa nchi ile. Sikuhitaji profesa kuniambia, ila nilifarijika kujua kwamba si roho mbaya ya Waganda peke yao.

Huko huko Marekani kuna kisa cha César Chávez. Alizaliwa Arizona, babu yake alitoka Meksiko, na akawa kiongozi wa chama cha vibarua wa mashambani kilichowapigania wavuna zabibu wa California. Wenye mashamba walipokuwa wakivunja migomo kwa kuingiza watu waliovuka mpaka bila karatasi, mwaka 1974 chama hicho kilianzisha kampeni ya kuwaripoti watu hao kwa idara ya uhamiaji. Watu wa asili ya Meksiko wakiwachongea Wameksiko. Wengine waliokuwa upande wake walimkasirikia sana, na miaka iliyofuata chama kiligeuka kikawatetea walewale. Ninamwelewa Chávez kabisa, na bado nakwambia usifanye hivyo.

Sababu yangu si ya utakatifu. Mtu anayejificha ni rahisi kumlipa elfu nne. Ukimtisha zaidi atakubali elfu tatu, na bei yako itashuka naye. Halafu msako ukija, haji askari mwenye daftari la nani aliingia 2009 na nani aliingia juzi. Mwaka fulani mwenzetu mmoja alipiga simu kulalamika kuhusu vijana wanaouza nguo kandokando ya barabara. Walibebwa vijana, akabebwa pia dada wa saluni aliyekuwa huku miaka mingi ila kibali chake kimeisha, na aliyepiga simu akafunga mlango wiki nzima akila uji.

Na hili la karatasi ndilo ninalotaka ulitazame kabla ya kumtazama mgeni. Nilikuwa na hasira sana na wageni wakati ule ambao mimi mwenyewe sikuwa na uhakika wa kubaki. Kila aliyeshuka kwenye gari nilimwona kama mtu anayeleta macho ya polisi mtaani kwetu. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa aliyeolewa na raia, au aliyeoa raia, haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia ndoa ikishatimiza miaka saba. Nilipopata usajili wangu, ile hasira haikuisha, lakini ilipungua hadi nikaweza kuongea. Kwa hiyo kama wewe ni wa "wamezidi", anza na faili lako. Sisi Waganda tunaingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, na mpakani unaweza kupewa pasi ya kukaa hadi miezi sita. Ichukue hiyo pasi, usipitie njia za panya. Lakini kukaa ni kukaa tu, si kufanya kazi. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010 na bado kazi inahitaji kibali. Wengi wetu tunajidanganya kwamba miezi sita ikiisha unarudi Busia, unagongewa muhuri, mambo sawa. Siku ukidai mshahara wako ndipo mwajiri atakapokumbuka ghafla kuuliza kibali.

Turudi kwa biashara, maana huko ndiko nina neno la kusema.

Vijana wawili kutoka Mbale walifungua meza ng'ambo ya barabara, wakawa wanauza chapati ya mayai ya kukunja, ile tunayoiita rolex kwetu, kwa shilingi 10 chini ya bei yangu. Wateja wangu wa bodaboda wakahama kwa siku mbili. Jirani yangu akanishauri nimwone askari wa kaunti. Nilichofanya ni kuvuka barabara nikaagiza moja. Nikamwangalia kijana anavyopasua mayai kwenye kikombe cha plastiki, kitunguu na nyanya na kabichi vimekatwa vidogo kama vya supu, anamimina kwenye kikaango cha chuma, anaweka chapati juu, anageuza kwa vidole bila kijiko. Mkono mzuri. Nikamwuliza unga ananunua wapi. Dukani, pakiti moja moja ya kilo mbili, bei ya rejareja, na mafuta ya kupimiwa kwenye chupa. Pale pale nikajua kwamba mtoto huyu hanipigi mimi, anajipiga mwenyewe. Alikuwa anauza karibu bila faida na hajui, kwa sababu kila jioni alikuwa anahesabu pesa zilizo mfukoni, hakuwa anaondoa za unga wa kesho.

Tangu hapo tunanunua beli la unga pamoja kwa duka la jumla Kibuye, wao wanalipa theluthi. Bei yao ilipanda ikakutana na yangu. Mimi nafunga saa kumi na mbili, wao wanawasha taa na kuuza usiku kwa watu wa kilabu na madereva. Sikufanya hivyo kwa huruma, na nilimwambia wazi: "Ukishusha tena, unga utajitafutia." Alicheka, lakini hajashusha. Mgeni anayeuza rahisi mara nyingi hajui bei, na anayemwacha asijue ni sisi tuliokaa kimya tukinuna.

Kwa kazi ya nyumba ni hivyo hivyo, tena zaidi. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani, kwa Kisumu kama kwa Nairobi, Mombasa na Nakuru, kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Najua unacheka. Najua Nyalenda imejaa wanawake wanaotembea asubuhi kwenda Milimani kwa nusu ya hiyo. Lakini sheria haisemi kima hicho ni cha Mkenya na cha Mganda ni kingine. Mwambie binti hiyo namba kabla hajapanda gari, akiwa bado kwao, asije akaisikia mara ya kwanza baada ya mwaka. Mwambie pia kuna KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa majumbani na hotelini, na kuna ofisi ya leba. Wanawake wa chama chetu tumekubaliana: hakuna anayempeleka msichana kwenye nyumba bila kutaja mshahara mbele ya mwajiri, kwa mdomo wake, binti akisikia. Hatujafika 16,000. Tumetoka elfu nne, na wale tuliotangulia mishahara yetu imeacha kutishwa na "juzi nimeletewa".

Kuhusu madalali wanaowatafutia wasichana kazi sitaki kusema mengi. Anayekata mshahara wa mwezi wa kwanza na kushika kitambulisho cha binti, usimpokee hata chai yake.

Mwenye ploti yetu ana baba yake mzee sana, anakaa chini ya mwembe siku nzima na redio. Siku moja tulikuwa tunalalamika karibu naye, hivi hivi, kwamba Waganda wamejaa. Akatuambia kwa Kiluo, ambacho kwa mtu wa Tororo si kigeni sana, kwamba yeye alifanya kazi Jinja akiwa kijana, hadi mwaka 1970 serikali ya Obote ilipowaondoa maelfu ya wafanyakazi Wakenya, wengi wao Waluo kama yeye. Walirudi Nyanza na masanduku. Akasema wa kwanza kuwaonyesha kidole hawakuwa wenyeji wa Jinja peke yao, walikuwemo wageni wa makabila mengine waliotumaini kwamba Waluo wakiondoka nafasi zitabaki. Sina kitabu cha kuthibitisha maneno hayo ya mwisho, ni ya mzee, lakini alivyoyasema tulinyamaza. Miaka miwili baadaye Amin aliwafukuza Wahindi kwa siku 90.

Mjukuu wake yuko Uingereza anatunza wazee kwenye makao yao. Akipiga simu ya video, unajua analalamikia nini? Wapya. Kwamba wamekuja wengi mno, hawajui kazi, wanakubali zamu za usiku kwa bei yoyote, wameharibu. Machi 2024 serikali ya huko ilizuia watunza wazee wapya kuja na wake, waume na watoto, na dada yetu alifurahi kidogo, akasema sasa patapumua. Mwezi uleule alikuwa anatafuta njia ya kumpeleka mdogo wake. Mzee alicheka hadi akakohoa. Na mimi, raia kwa usajili, nilikuwa nimesimama pale nikiwa na ndoo ya maji, sina la kuongeza. Hata reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mji huu ulikuwa unahesabiwa upande wa Uganda. Ulihamishiwa huku mwaka 1902. Ukitafuta sana nani mgeni hapa utachoka.

Sasa, haya yote hayamaanishi umlete kila mtu. Hapa ndipo naachana na wenzangu wa kanisani wanaosema mlango usifungwe kamwe. Nimewakatalia wengi. Namkatalia aliye chini ya miaka 18, hata mama yake akilia kwenye simu. Namkatalia asiye na nauli ya kurudi, kwa sababu asiye na nauli ya kurudi atakubali chochote. Namkatalia anayekuja kwa sababu amesikia nina jengo (nina kibanda cha mabati na jiko mbili). Na nikikataa nasema nakataa; siwezi kumwambia "ngoja mwezi ujao" kisha nizime simu, maana atakuja tu, na atakuja kwa dalali.

Ninayemkubali namwambia mambo manne kwa simu, polepole, na naomba mama yake awepo asikie: mshahara unaoelekea kuwa kiasi gani, chumba Nyalenda ni kiasi gani, karatasi gani achukue mpakani, na kwamba kwangu atalala mwezi mmoja tu. Hilo la mwezi mmoja ndilo gumu. Ndugu wa mume watasema una roho ya Kizungu. Lakini nimeona binti akikaa miezi minane kwenye kochi la shangazi yake bila kutafuta kazi, akawa kijakazi wa nyumba ile bila mshahara wowote, na siku walipogombana akatoka na begi lake hajui hata Kibuye iko upande gani. Mwezi mmoja, na katika mwezi huo unamtembeza: soko, hospitali ya rufaa, ofisi ya uhamiaji, steji ya magari ya Busia.

Na akifika bila kusema, kama wengi wanavyofika, yuko steji saa mbili usiku na simu imezima? Nenda kamchukue. Mpe chakula, alale. Yale mambo manne yatasemwa asubuhi, kabla hajaanza kukuoshea vyombo.