Maswali ya Wasomaji: Kutafuta noti zenye namba za pekee

Natafuta noti ambazo namba yake inasomeka sawa mbele na nyuma. Keshia wa tawi letu anasema hana muda wa kunichagulia. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Keshia ana haki, foleni iko nyuma yako. Usimwombe namba, mwombe bunda. Noti mpya hufungwa 100 kwa utepe wa karatasi, namba zikifuatana. Anza na za 1,000, maana bunda zima ni Sh 100,000. La noti za 10,000 linafika milioni. Nenda katikati ya mwezi. Wiki ya mishahara, au Idi na Krismasi zikikaribia, noti mpya hugombaniwa.

Huna haja ya kupekua noti zote mia. Noti zetu zina herufi mbili na tarakimu saba, na ndani ya bunda tarakimu tano za mwanzo hazibadiliki. Tazama ya tatu na ya tano kwenye noti ya juu. Zikilingana, noti yako imo. Bunda linaloanzia 4719101 lina 4719174. Linaloanzia 4719301 halina kitu, liache. Ni namba zinazoishia 00 tu zinazokaidi kanuni hii. Kwa wastani bunda moja kati ya kumi ndilo lenye noti unayoitafuta, kwa hiyo mwombe keshia akusomee namba za juu kabla hajakutolea fedha. Hilo halimchukui hata dakika.

Bunda lipitishwe kwenye mashine mbele yako. Ukikata utepe nyumbani ukakuta 99, hakuna wa kumlilia. Ukikuta noti ya herufi tofauti katikati ya bunda jipya, ibakize: kwa kawaida huwa imeziba nafasi ya iliyoharibika kiwandani, na wakusanyaji huitafuta.

Zilizobaki zirudishe kwenye akaunti. Uliza kwanza makato ya kutoa dirishani, na mweleze meneja unachofanya, kwani fedha zilezile kutoka na kuingia kila wiki huzua maswali.

Je, naweza kupata noti yenye tarehe ya Uhuru? (Msomaji, Dodoma)

Kwa bahati nzuri tarehe hiyo inaenea kwenye tarakimu saba: 9121961. Hata ya Muungano, 2641964. Lakini kila jozi ya herufi ina noti moja tu ya namba hiyo, yaani bunda moja kati ya 100,000. Dirishani utazeeka. Nunua kwa mkusanyaji mwenzako, na kabla ya kulipa shika lenzi: namba huchapwa mara mbili kwenye noti, na zote mbili lazima zilingane. Wajanja huikwangua 8 ikawa 3.

Noti zangu zimeanza kunata kwenye mfuko wa plastiki. (Msomaji, Tanga)

Ni plastiki laini ya PVC, na joto la pwani linaharakisha. Zihamishie kwenye mifuko ya poliesta, moja moja, ukizishika kingoni, na uweke pakiti ya silika, ile inayonyonya unyevu, kwenye boksi. Usizioshe wala kuzipiga pasi: mkunjo mmoja hushusha bei, lakini noti iliyopigwa pasi mkusanyaji huitambua na kuikataa kabisa. Mpira wa kufungia na pini ya stepla navyo viwe mbali.