Bingwa Asiyemgusa Mnyama: Maswali Kuhusu Ushauri wa Tiba ya Wanyama kwa Njia ya Mtandao

SWALI: Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya moyo ya wanyama, na kwa miaka mingi nimeajiriwa katika hospitali ya rufaa. Kila wiki madaktari wa kliniki ndogo hunipigia simu kuniuliza kuhusu wagonjwa wao, nami huwajibu bila malipo. Ningependa sasa kuifanya kazi hiyo kuwa biashara yangu, nikiwa nyumbani na kompyuta. Nianzie wapi? Je, niwahudumie madaktari peke yao au hata wenye wanyama?

JIBU: Daktari mwenzangu, ninaomba nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa jibu lake ndilo litakaloamua leseni, bima, mkataba na hata bei utakayotoza. Wahudumie madaktari, angalau mwanzoni. Kumshauri daktari na kumtibu mnyama ni kazi mbili tofauti, hata pale maneno utakayoyasema yanapokuwa yale yale. Daktari aliyeko kliniki amemshika mnyama, amekisikiliza kifua chake na amezungumza na mwenye mnyama. Kati yao umekwisha kuwapo uhusiano wa daktari, mteja na mgonjwa, ambao sheria za nchi nyingi huutaka kabla ya ugonjwa kutajwa au dawa kuandikwa. Unapomshauri daktari huyo, dhamana ya mgonjwa hubaki kwake: yeye ndiye anayeupima ushauri wako, anayeukubali au kuukataa, na anayeandika dawa. Unapozungumza na mwenye mnyama ukamtajia dawa na kipimo chake, dhamana hiyo imehamia kwako, na huenda ukatakiwa kuwa na leseni ya mahali mnyama alipo, wala si ya mahali ulipoketi wewe.

Hata hivyo, usidhani kwamba kuwashauri madaktari peke yao kunakuondolea kila wajibu wa kisheria. Zipo mamlaka zinazohesabu usomaji wa picha za mgonjwa kuwa ni tendo la kitabibu, hata kama aliyezituma ni daktari. Kwa hiyo liandikie baraza la madaktari wa wanyama la kila eneo unalokusudia kulihudumia, uliza waziwazi, na uhifadhi jibu la maandishi. Kisha mwulize wakala wako wa bima ya dhima ya kitaaluma kama bima hiyo inagusa ushauri unaotolewa kwa mbali na unaovuka mipaka, kwa maana bima iliyokatwa kwa ajili ya kazi ya kliniki huenda isikulinde nje ya kliniki. Usome pia mkataba wako wa ajira kabla ya kuiaga hospitali. Ikiwa kuna kifungu kinachokuzuia kuwahudumia kwa muda fulani madaktari wanaoleta wagonjwa hapo, ni afadhali ukijue leo kuliko siku utakapopokea barua ya wakili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo biashara yenyewe, nalo ni ubora wa kile utakachotumiwa. Katika hospitali ya rufaa ulikuwa na masikio na mikono yako. Ukiondoka hapo utategemea mikono ya mwenzako, na ripoti yako haiwezi kuwa bora kuliko picha na maelezo yaliyokufikia. Chukua mfano wa picha ya eksirei ya kifua. Mwaka 1995 watafiti Buchanan na Bücheler walichapisha njia ya kupima ukubwa wa moyo wa mbwa kwa kulinganisha urefu na upana wake na pingili za uti wa mgongo, kuanzia pingili ya nne ya kifua. Wastani waliouona kwa mbwa 100 wenye afya ulikuwa pingili 9.7. Ni kipimo kizuri sana kwa mtu aliye mbali, kwa sababu mnyama mwenyewe ndiye rula. Lakini mnyama akiwa amelazwa akajipinda, au picha ikiwa imepigwa wakati anatoa pumzi, mapafu yataonekana meupe na moyo utaonekana umekua, na wewe uliye mbali utaandika ugonjwa usiokuwepo. Zaidi ya hayo, zipo aina za mbwa ambazo moyo wao wenye afya huzidi wastani huo, hivyo fomu isiyotaja aina ya mbwa haifai kupokewa.

Niliwahi kutumiwa picha ya kifua cha paka iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini ya kompyuta, taa ya chumba ikimetameta juu yake. Niliisoma kwa kuwa daktari aliyeituma alikuwa na haraka, na sikuona maji machache yaliyokuwa pembeni mwa mapafu. Niliyaona siku ya pili, faili halisi lilipowasili. Tangu siku hiyo sijakubali tena picha ya namna hiyo. Faili la DICOM, yaani kiwango cha kuhifadhi na kutuma picha za kitabibu kinachotumia jina hilo tangu 1993, mara nyingi hubeba ngazi 4,096 za kijivu au zaidi, ilhali picha ya kawaida ya simu hubeba 256 tu kwa kila rangi, na ugonjwa mara nyingi hujificha katika ngazi zilizopotea. Tengeneza mwongozo wa ukurasa mmoja unaoeleza mikao ya picha unayoitaka, klipu za ultrasaundi ya moyo unazohitaji na urefu wake, na namna ya kutuma mchoro wa umeme wa moyo ukionyesha kasi ambayo karatasi ilipita mashineni. Utakapoona mwongozo haufuatwi, usitoe ripoti. Mpigie mwenzako umweleze kwa upole namna ya kurudia. Dakika hizo hazina ankara, lakini ndizo zitakazomfanya daktari huyo arudi kwako.

Maelezo ya mgonjwa yana uzito huo huo. Mwaka 1987 daktari wa moyo wa wanyama Paul Pion na wenzake walionyesha kwamba paka wengi waliokuwa na moyo uliotanuka na kudhoofika walikuwa wamepungukiwa taurini, kirutubisho cha aina ya asidi ya amino, katika chakula chao, na kwamba wakiongezewa walipata nafuu. Hakuna ultrasaundi inayoweza kukuambia paka anakula nini. Ni lazima fomu yako iulize. Iulize pia mnyama anapumua mara ngapi kwa dakika akiwa usingizini, kwa sababu idadi inayozidi 30 kwa mbwa au paka mwenye ugonjwa wa moyo ni ishara ambayo daktari hapaswi kuingoja hadi kesho. Pion huyo huyo, miaka michache baadaye, mwaka 1991, alishiriki kuanzisha Veterinary Information Network, mahali ambapo madaktari wa wanyama hushauriana kwa kompyuta, na kwangu haishangazi kwamba wazo kama hilo lilitoka kwa daktari wa moyo.

Kuhusu ripoti, tenganisha kwa uwazi ulichokiona, unachodhani kinamaanisha, na unachopendekeza kifanywe. Ongeza sehemu ya nne ambayo washauri wengi huiruka: kile ambacho picha hizo haziwezi kujibu. Ukiandika kwamba shinikizo la damu halikupimwa, na kwa hiyo unene wa ukuta wa moyo hauwezi kuelezwa kikamilifu, umemlinda mgonjwa na umejilinda mwenyewe.

Malipo yasikuchoshe akili. Toza kwa kila kesi, uwe na bei ya juu kwa kesi za dharura, na utaje muda wa kutoa jibu ambao unaweza kuutimiza hata siku unapougua. Kliniki zitakazokuletea kesi nyingi zinaweza kulipa kwa mwezi. Mazungumzo ya simu baada ya ripoti yawe ndani ya bei, la sivyo daktari mwenye shaka ataogopa kukupigia, na shaka hiyo italipwa na mnyama.

SWALI: Mimi sina shahada ya ubingwa, ila nina uzoefu wa miaka 15 wa kutibu ng'ombe wa maziwa. Naweza kufanya kazi kama hiyo?

JIBU: Unaweza, mradi usijiite bingwa. Katika nchi nyingi jina hilo hupewa aliyefuzu mafunzo na mitihani ya chuo cha ubingwa kinachotambuliwa, na kulitumia bila haki kunaweza kukupotezea leseni. Jiite mshauri wa afya ya kundi, nayo ni kazi ya heshima. Bahati yako ni kwamba ng'ombe wa maziwa huandikiwa tarakimu nyingi, na tarakimu husafiri vizuri kuliko picha. Ukitumiwa kila mwezi hesabu ya seli (nyingi zikiwa za kinga ya mwili) katika maziwa ya kila ng'ombe, unaweza kuwatambua wale waliozidi seli 200,000 kwa mililita, ambao yaelekea wana uvimbe wa kiwele usioonekana kwa macho. Ukilinganisha na tarehe za kuzaa, utajua kama maambukizi yanatokea wakati wa kukamua au katika kipindi cha mapumziko kabla ya kuzaa. Daktari wa shamba, ambaye anashinda akikimbia kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine, mara nyingi hana nafasi ya kukaa na hesabu hizo.

Weka mpaka mmoja usiovukwa. Ukielezwa kwamba ng'ombe kadhaa wanachechemea, wanadondosha mate na wana malengelenge mdomoni, usianze kushauri matibabu. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa miguu na midomo, ambao sheria za nchi nyingi hutaka utolewe taarifa serikalini mara moja. Mwambie daktari asitishe kuingiza na kutoa mifugo, apige simu kwa mamlaka za mifugo kabla ya kuagana nawe, kisha uandike saa na maneno uliyomwambia.